Usiku ni wa Nani?

Ndugu msomaji, naomba nianze na swali ambalo mwalimu wa uraia hakutupa kwenye mtihani: usiku ni mali ya nani? Mchana najua jibu lake. Mchana ni wa wote, mwenye jembe na mwenye kalamu, mke kwa mume, ingawa kivuli wengine wanakipata zaidi. Lakini usiku je? Nani ana ruhusa ya kusimama nje saa tano, peke yake uwanjani, akatazama juu bila kuulizwa anamsubiri nani?

Nauliza kwa sababu ipo kazi moja duniani ambayo usiku ndio ofisi yake. Ni kazi ya elimu ya nyota, wasomi wanaiita astronomia. Siku hizi kila semina utasikia wimbo mmoja: wasichana wasome sayansi, wasichana waingie kwenye hesabu, wasichana wafike anga za mbali. Vizuri sana, mabango yanapendeza. Ila mimi, mtoto wa kike wa Kwaluguru, wilayani Handeni, niliyeishia kidato cha nne na sasa ninahangaika na riwaya isiyokwisha, naona semina hizo zinaanzia hadithi kwenye sura ya tano. Zinazungumza habari za ufadhili, vyuo na maabara. Sura ya kwanza ni mlango wa nyumba na komeo lake.

Mtu wa Tanga mjini ukimtajia Handeni, jambo la kwanza analokumbuka ni shida ya maji. Hajakosea. Kiangazi kikikaza, wasichana wanaamshwa saa kumi alfajiri, ndoo mkononi, kwenda kuwahi foleni lamboni. Giza totoro. Saa hizo husikii mtu akisema usiku ni hatari kwa mtoto wa kike. Fisi hatajwi, wala wahuni. "Amka mama, utakuta wenzako wameshajaza," basi.

Sasa fanya hesabu. Msichana huyu, tangu ana miaka saba hadi anapoolewa, ameliona anga la alfajiri mara nyingi kuliko msomi yeyote anayelala kwenye jiji lenye taa za barabarani. Nyota ya alfajiri anaijua. Anakijua Kilimia, kile kikundi cha nyota ndogo zilizosongamana ambacho wazee walikitumia kujua majira ya shamba, na ndiyo maana jina lake limebeba neno "lima". Miezi ya Julai na Agosti Kilimia kinakuwa upande wa mashariki saa zile zile za ndoo. Msichana anakiona kila siku. Ila hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kukiona ni mwanzo wa elimu.

Msichana huyo huyo, jioni ya siku hiyo, aseme: "Baba, natoka nje kidogo kuangalia nyota." Ataulizwa nyota hizo zina jina gani, zinaishi kitongoji gani na baba yao ni nani. Sote tunajua maana ya swali hilo.

Simaanishi kwamba hatari ni uongo. Ipo, na wako walioumizwa njiani wakifuata maji. Ninachosema ni kwamba hatari siyo kipimo tunachotumia. Kama ingekuwa ndiyo kipimo, basi safari ya saa kumi ingekatazwa kwanza, kwa kuwa kule njia ni ndefu na vichaka ni vingi, lakini uwanja wa nyumbani uko hatua tatu kutoka kwa mama. Msichana akiwa na ndoo kichwani ni mtoto mwema. Mikono ikiwa mitupu na macho yako juu, ni mhuni. Tofauti ni kwamba kwenye ndoo familia nzima inakunywa, na kwenye kutazama anapata yeye peke yake. Hapo ndipo panaponiuma.

Na kuna jambo jingine, la lugha. Kiswahili chetu kina neno "mwanga". Ni nuru, hilo linajulikana. Lakini mwanga pia ni mchawi, yule anayetembea usiku wa manane akiwanga. Mwanamume akikutwa nje usiku ataitwa mlevi, au mlinzi, au tuseme katoka haja. Bibi kizee akikutwa nje, huyo ni mwanga, na sina haja ya kukukumbusha yanayowapata vikongwe katika baadhi ya sehemu za nchi hii kwa tuhuma kama hiyo. Tena neno lenyewe "unajimu" limebeba mizigo miwili, elimu ya nyota na upigaji ramli. Msichana akisema anataka kuwa mnajimu, shangazi anamwombea dua.

Halafu sisi hao hao tunawaita watoto wetu wa kike Zuhura, Thuraya, Najma, Nyota. Zuhura ni sayari, ile ing'aayo alfajiri na magharibi. Thuraya ndicho Kilimia chenyewe kwa Kiarabu. Tunawapa majina ya angani, kisha zenyewe zikitoka tunawafungia ndani.

Tarehe 27 Julai 2018, siku ya Ijumaa, mwezi ulipatwa. Redio ilitangaza tangu asubuhi kwamba kupatwa kule kungekuwa kurefu kuliko kote katika karne hii, saa moja na dakika 43 mwezi ukiwa ndani ya kivuli cha dunia mzima mzima. Na kana kwamba hiyo haitoshi, sayari ya Mars nayo ilikuwa imeikaribia dunia, ikiwaka nyekundu pembeni ya mwezi. Mimi nilikuwa kidato cha tatu katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Mwalimu wetu wa jiografia alifurahi kama mtoto. Alitangaza mstarini kwamba usiku ule angekuwa na somo uwanjani.

Wavulana walikwenda. Sisi matroni alitufungia saa tatu na nusu kama kawaida.

Matroni hakuwa mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Alikuwa mama mwenye huruma, akitununulia dawa kwa hela yake. Tulimbembeleza dirishani, akasema: "Wanangu, mmoja wenu akipata matatizo, mimi nitawaambia nini wazazi?" Akaondoka na ufunguo. Ilipofika saa nne na nusu tukasikia kelele za wavulana uwanjani: umekuwa mwekundu, umekuwa mwekundu! Tukagombania madirisha. Haikusaidia kitu, maana mwezi saa zile ulikuwa umepanda, unaelekea utosini, na dirisha halina utosi. Nilichokiona mimi ni ardhi. Kabla yake mbalamwezi ilikuwa imeumwaga uwanja wote mweupe na mwembe una kivuli kama wa mchana. Kivuli kikaanza kufifia, kikafa, na uwanja ukawa mweusi kama hakukuwa na mwezi kabisa. Kwa hiyo kupatwa kwa mwezi kurefu kuliko kote katika karne hii nimekuona, lakini chini, kwenye mwembe.

Asubuhi wavulana walitusimulia. Kuna aliyesema ameona Mars kubwa kama chungwa. Tulikuwa hatuna la kumpinga.

Sasa swali la kimaadili ni hili: pale nani alikosea? Mwalimu wa jiografia alikuwa na moyo wa kufundisha. Matroni alikuwa anatulinda. Wazazi walitaka tumalize shule salama. Kila mmoja ukimhoji ana sababu nzuri, na bado wasichana wote wa shule nzima walikosa somo ambalo wavulana wote walipata. Mimi nimelifikiria sana jambo hili, na naamini kwamba dhuluma nyingi duniani ziko hivyo, hazina mtu mbaya. Zina mpangilio mbaya tu, na watu wema wakiutekeleza.

Tuuangalie mpangilio wenyewe. Mwaka ule wa 2018 msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule na hakuruhusiwa kurudi. Novemba 2021 ndipo Serikali ilipotangaza kwamba anayejifungua anaweza kurudi darasani. Kwa hiyo matroni alipoutia ule ufunguo mfukoni alikuwa anazuia jambo ambalo lingemaliza maisha ya mtu mmoja tu kati ya wawili wanaohusika, na lawama ingemwangukia yeye mwenyewe, mwanamke. Mvulana hakufungiwa kwa sababu hakuwa na cha kupoteza. Adhabu ilimlenga msichana, komeo nalo likamfuata kule kule. Ndiyo maana nasema komeo lile halikuwa la chuma peke yake.

Na gharama ya kulifungua? Hapa huwa nacheka kwa uchungu. Usiku ule ungehitaji mwalimu mmoja wa kike akeshe saa mbili na kiti chake uwanjani. Hakukuhitajika mfadhili. Hata darubini isingehitajika, maana mwezi unaonekana kwa macho makavu.

Usidhani huu ni ushamba wa Handeni. Walioendelea nao walikuwa na komeo lao. Pale Harvard, Marekani, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, darubini zilishikwa na wanaume usiku, zikapiga picha za nyota kwenye vioo, na mchana wanawake wakaletewa vile vioo wavihesabu kwa malipo kiduchu. Mmoja wao, Henrietta Leavitt, kwa kutazama vioo tu, aligundua kwamba kuna nyota ambazo mwendo wa kufifia na kung'aa kwake unaonyesha ukubwa wa mwanga wake halisi. Alitangaza kanuni hiyo mwaka 1912, na kutokana nayo binadamu akapata fimbo ya kupimia umbali wa mbinguni. Vioo vile kwangu ni sawa na mwembe wetu. Walipewa kivuli cha usiku, wakakisoma.

Margaret Burbidge, Mwingereza, alikataliwa nafasi ya kutazama nyota kwenye mlima Wilson kule California kwa kuwa ni mwanamke. Katikati ya miaka ya 1950 akaingia kwa mlango wa uani: mumewe Geoffrey ndiye aliyepewa nafasi rasmi, yeye Margaret akapanda mlimani kama msaidizi wa mumewe. Mwaka 1957 jina lake lilitangulia kwenye makala ya watu wanne, mumewe akiwemo, iliyoeleza jinsi elementi zinavyopikwa ndani ya nyota. Ukishika jembe kesho shambani kwako, chuma chake kilipikwa nyotani, na wa kwanza kati ya waliotueleza hivyo ni "msaidizi" huyo. Kule Palomar nako wanawake hawakuruhusiwa rasmi hadi Vera Rubin alipokubaliwa mwaka 1965, na mojawapo ya sababu zilizokuwa zikitolewa ni kwamba choo kilikuwa kimoja tu, cha wanaume. Inasimuliwa kwamba Vera alikata karatasi kwa umbo la sketi, akaibandika kwenye ile picha ya mwanamume mlangoni. Sasa kuna choo cha wanawake, akasema. Kwisha maneno.

Na sisi wa pwani hii tunayo sehemu yetu katika hadithi, ingawa sikufundishwa shuleni. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka kwenye jukwaa la Waitaliano la San Marco lililosimama baharini karibu na Malindi, ilirushwa setilaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahususi kutazama mionzi ya eksirei inayotoka angani. Mionzi hiyo haifiki ardhini, angahewa huizuia, hivyo ni lazima uifuate juu. Aliyesimamia mradi ule upande wa Marekani alikuwa mwanamke, mhandisi Marjorie Townsend. Kwa kuwa siku ile ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, setilaiti ikaitwa Uhuru. Neno letu, la Kiswahili, likapanda. Iliorodhesha vyanzo zaidi ya 300 vya mionzi, na ilichangia kuwafanya wataalamu waamini kwamba kile kitu kinachoitwa Cygnus X-1 ni shimo jeusi. Katika msururu wa vitu vilivyorushwa angani kuna kimoja kilichokuwa na jina la Kiswahili na bosi wa kike, na kilirukia ufukwe ule ule wa bahari unaoshuka hadi Tanga na Pangani. Mimi nilimaliza shule bila kulisikia jambo hilo.

Binamu yangu, mtoto wa mjomba, niliposoma rasimu ya makala hii kwa sauti, alinikatiza: "Dada, ngoja. Sikuhizi wanajimu hawakeshi tena. Kompyuta ndiyo inakesha. Sasa usiku unakuhusu nini?"

Anasema kweli nusu. Hata Jocelyn Bell, yule msichana wa Ireland ya Kaskazini aliyegundua nyota zinazodunda kama moyo, zinazoitwa palsa, mwaka 1967 kule Cambridge, hakuzigundua kwa kuchungulia darubini. Redio ya anga ilikuwa ikichora mita 30 hivi za karatasi kila siku, naye akizikagua kwa macho, mpaka akaona kiwimbi kidogo ambacho wengine wangekiita takataka. Kazi ni ya mezani. Afrika Kusini leo wanajenga darubini kubwa ya redio ya SKA, na nchi nyingine nane za Afrika zimo katika ushirika wake, zikiwemo Kenya, Zambia na Msumbiji (sisi Tanzania hatumo, tuliache hilo), na redio haijali kama jua limetoka. Lakini mtu hawi mtaalamu kwanza halafu ndipo apende. Anapenda kwanza. Na mapenzi ya nyota, nionyeshe yalipoanzia mahali pengine zaidi ya nje, usiku, shingo ikiuma. Susan Murabana wa Kenya analijua hilo. Yeye na mumewe wanazunguka na darubini yao mashuleni na vijijini, watoto wapange mstari wachungulie Zohali na pete zake. Hawaanzi na fomu ya kujiunga na chuo.

Binamu hakuchoka. Akaja na hoja nzito zaidi, na hii ndiyo iliyonikosesha usingizi. "Haya, wasichana wapewe nafasi maalum, sijui ufadhili maalum, kama viti maalum bungeni. Na mimi je? Mimi nilikuwa uwanjani usiku ule wa 2018. Niliona kila kitu. Leo naendesha bodaboda Korogwe. Nani ananipendelea mimi?"

Hoja yake siidharau. Wapo wanawake wakubwa wa fani hiyo hiyo waliohitilafiana juu yake. Margaret Burbidge, mwanzoni mwa miaka ya 1970, alipewa tuzo ya Annie Cannon ambayo ilikuwa ya wanawake peke yao, akaikataa. Msimamo wake ulikuwa kwamba upendeleo kwa wanawake nao ni ubaguzi, uondoke pamoja na ule mwingine. Jocelyn Bell Burnell alikwenda njia nyingine. Mwaka 1974 Tuzo ya Nobel kwa kazi ya palsa ilikwenda kwa msimamizi wake, yeye akaachwa. Miaka 44 baadaye, 2018, alipewa tuzo ya dola milioni 3. Akazitoa zote kusomesha fizikia wale ambao kwa kawaida hawaonekani humo, wakiwemo wanawake, watu wa jamii zilizo chache na wakimbizi.

Mimi naegemea kwa Jocelyn, na sababu yangu si huruma. Margaret alipokataa alikuwa ameshaingia, jina lake liko kwenye makala ya 1957. Aliyeko ndani anaweza kukataa mlango wa pembeni kwa heshima zote. Aliyeko nje akiukataa, anabaki nje na heshima yake. Miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanzisha mafunzo ya awali kwa wasichana waliokuwa wamekosa alama chache za kuingia sayansi, watu walisema maneno yale yale ya upendeleo. Lakini alama chache hizo ndizo zile saa za lamboni. Mtu akikulipa deni huwezi kusema amekupendelea.

Na binamu? Nilimjibu hivi: wewe una komeo moja, ufukara, na mimi ninalo hilo hilo. Langu la pili wewe huna. Tukilifungua langu la pili, lako la kwanza halikazwi. Nani alikunyima wewe chuo, ni mimi niliyekuwa bwenini? Alikaa kimya, kisha akasema, "Sawa, ila usisahau kuandika la kwanza." Nimeandika. Ana haki. Ukipigania wasichana wa mjini wenye ada waingie kwenye darubini, ukamwacha mtoto wa Kwaluguru, mvulana au msichana, umebadilisha tu sura za wenye ufunguo. Huyo binamu hadi leo akisubiri abiria usiku stendi anaijua kila nyota iliyo juu ya paa la gereji, na hakuna aliyewahi kumuuliza anajua nini.

Mjomba, ambaye kwetu Wazigua neno lake katika ukoo lilikuwa zito kuliko la baba, alisikiliza ubishi wetu wote huku akichonga mpini. Mwisho akauliza, "Sasa mama, hizo nyota zinaliwa?" Nikamwambia Kilimia kililiwa, mjomba, kila mwaka, na aliyekuwa akilima kwa kukifuata mara nyingi alikuwa bibi. Akacheka. Hakusema ndiyo, wala hakusema hapana.

Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Litafunikwa lote huko Misri, Saudia, Yemen na Somalia, na huku kwetu mwezi utalimega kipande. Itakuwa Jumatatu, mchana, saa ambazo shule zimefunguliwa na hakuna bweni lililofungwa. Lakini hili si la macho makavu, jua linapofua. Inatakiwa miwani maalum, au kikatasi chenye tundu la sindano kinachoangusha sura ya jua chini. Tundu la sindano halina gharama. Nimemwandikia mwalimu mkuu wa shule moja ya jirani nikiomba dakika 40 za uwanja siku hiyo, wasichana na wavulana pamoja, na nimetaja mwalimu wa kike aliyekubali kusimama nasi. Barua niliipeleka kwa mkono. Nasubiri jibu.